Mbwa Aliyeacha Kuja kwenye Simu

Mimi ni Dorkasi, na kabla sijaanza kumsema mume wangu, nikiri kwamba mdomo ninao. Hapa kijijini kwetu, ukishayaacha mashamba ya zabibu ya Makutupora nyuma yako, ukiuliza kwa Dorkasi mwenye mdomo huna haja ya kusindikizwa, utaifuata sauti. Mume wangu Sila ni kinyume changu. Ni mpole mpaka anaudhi. Unaweza kumgombeza tangu jogoo la kwanza, akakusikiliza, akamaliza uji wake, akasema, "Sawa, Mama Erica, nimekuelewa," akachukua fimbo akaenda malishoni. Sasa mtu kama huyo utagombana naye vipi? Inabidi ugombane na masufuria.

Alikuwa mfugaji, na ng'ombe zake hakuwapiga. Fimbo ilikuwa ya kuegemea tu. Alikuwa na mluzi wake mmoja, unaanzia chini, unapanda, halafu unakatika ghafla, na akiupiga kundi zima linageuza vichwa. Nyuma ya kundi alikuwepo mbwa wake, anaitwa Hamchoki.

Msishangae jina. Huku kwetu mbwa hapewi jina hivi hivi, anapewa neno la kuwafikia watu. Ukiwa na jambo na jirani na hutaki ugomvi, unasimama uani unamwita mbwa wako kwa nguvu, jirani anasikia, yamekwisha. Jirani yetu Matonya na mkewe walikuwa wakitusema kila siku kwamba Sila kakaliwa na mke. Basi Sila, bila kusema neno, akaokota kitoto cha mbwa kilichofiwa na mama, akakinywesha maziwa kwenye kiganja chake, kikakua, akakiita Hamchoki. Ikawa kila jua likishuka anaita, "Hamchokiii! Hamchokiii wee!" Matonya hakutusalimia msimu mzima. Maisha yangu yote na Sila, hilo ndilo tusi pekee nililomsikia akitukana, na alilitukana kwa mdomo wa mbwa.

Ila mbwa yule alikuwa na tabia moja iliyoniudhi. Hakujua kutunza siri za watu. Akija mama mkwe wangu, Bibi Priska, mimi nampokea kwa adabu zote. "Shikamoo mama, karibu mama, lete huo mzigo, kaa hapa penye kivuli." Nimelainika mpaka nateleza. Na Hamchoki yuko nyuma yangu, ananguruma.

"Mbwa huyu ananichukia," anasema mama mkwe.

Siku moja niligeuka nimcharaze. Sila akanishika mkono huku anacheka mpaka ameegemea nguzo. Baadaye, mama yake alipoondoka, akaniambia, "Usimpige, Mama Erica. Yeye hasikii maneno, anasikia mabega. Mdomo wako ulisema karibu, mabega yakasema ondoka."

"Kwa hiyo mimi ndiye ninayenguruma?"

"Sijasema hivyo. Jaribu tu. Shusha pumzi. Lainisha mikono."

Nikashusha pumzi kwa kumkomesha, nimuonyeshe kwamba ni upuuzi. Weee! Mbwa akajilaza hapo hapo, kichwa juu ya miguu yangu. Nilikasirika siku nzima. Kusutwa na mwanamke mwenzio unaweza kujibu, lakini kusutwa na mbwa?

Haya. Halafu mvua zikagoma. Sitazieleza habari za ukame, aliyeuona anaujua na asiyeuona hata nikimweleza ataona namsimulia hadithi. Ng'ombe walianguka mmoja mmoja. Waliobaki tuliwauza wakiwa mifupa, kwa bei ya kukutia aibu. Akabaki mmoja tu, Madoa, ambaye Sila alikuwa amemkabidhi kwa ndugu yake upande wa Bahi, kama tunavyofanya wafugaji, huweki ng'ombe wako wote kwenye zizi moja. Mume wangu akawa anaamka asubuhi anafagia zizi tupu. Anafagia vizuri, anazoa, anafunga mlango wa miiba, kana kwamba jioni kuna kinachorudi. Sikuweza kumgombeza. Nilikuwa naingia ndani nalia.

Binamu yake Gideoni, fundi wa matofali huko Dodoma mjini, ndiye aliyeleta habari ya kazi. Kuna mama mmoja mfanyabiashara, Madam Generosa, anauza vifaa vya ujenzi, amejenga Ilazo, anatafuta mlinzi mtulivu na mwaminifu. Sila akaenda. Hamchoki alimfuata mpaka barabarani. Sila akamwambia rudi, akarudi, akalala mlangoni pa zizi.

Kila Jumapili nikitoka kanisani Sila alikuwa anapiga simu. Kasimu kangu ni ka kubonyeza lakini spika yake inaweza kuendesha harusi. Nikiiweka sauti ya nje tu, Hamchoki anakuja mbio kutoka popote alipo. Ananusa simu, analia kama mtoto, anailamba mpaka naifuta kwa kanga. Binti yetu, Erica, anaanguka kwa kicheko. Sila naye kule anapiga ule mluzi wake, na mbwa anazunguka nyumba kumtafuta, anarudi, anaiangalia simu, anazunguka tena. Tulicheka mpaka machozi. Mengine yalikuwa machozi kweli.

Sasa niwaambie kazi yenyewe, kama Sila alivyokuja kunieleza.

Madam Generosa aliwahi kuvamiwa. Wanaume waliruka ukuta, wakamfunga kwa kanga zake mwenyewe, wakabeba walichotaka. Tangu hapo hana usingizi. Nilimchukia mama yule, siku hizi nimepunguza, maana hofu ni hofu hata kwenye nyumba ya vigae. Ila hofu yake ndiyo aliyomfungia nayo mume wangu. Asubuhi akienda dukani alikuwa analifunga geti kwa nje, kufuli kubwa, ufunguo kwenye mkoba wake. Sila anabaki ndani. Ukuta, juu ya ukuta nyaya za umeme, kwenye kila kona kamera. Madam akiwa dukani anamtazama kwenye simu yake, na pale ukutani kuna spika. Sila akikaa kidogo spika inaita, "Sila, mbona umekaa?" Kwenda kanisani hakuna. Kwenda dukani hakuna. Mtu aliyezoea kuamka na kuchagua leo nielekee kilima kipi, sasa anatembea kutoka ukuta mpaka ukuta.

Na mle ndani kulikuwa na mfungwa mwingine, mbwa mkubwa mweusi anaitwa Komando. Madam alishauriwa namna ya kumfanya awe mkali, ule ushauri unaousikia kila kona ya mji: mfungie kwenye banda la mbao lenye giza mchana kutwa, asizoeane na watu, chakula chake tia pilipili kichaa, usiku mfungulie. Sila akapewa kazi hiyo. Lakini ndiyo huyo Sila tena. Alikuwa akilifungua banda jioni, Komando anatoka anatetemeka, anakuja kulala juu ya viatu vyake. Pilipili ilimletea kuharisha tu. Wageni wakija anawatikisia mkia. Siku moja aliwatikisia mkia mafundi wa bomba waliokosea nyumba.

Madam akamwita Sila. "Mbwa mpole, mlinzi mpole, mimi nilale vipi? Mwisho wa mwezi, huyu kama hajakuwa mkali, nyote wawili mtatoka."

Sila akanipigia akaniambia. Na mimi nikamjibu kama nilivyo. "Baba Erica, usije ukanirudia hapa na upole wako! Zabibu zimekwisha, hakuna kibarua, mtama umekaukia shambani. Mtoto anakula kwa hiyo kazi. Mfanye huyo mbwa awe mkali, utajua mwenyewe utafanyaje!" Nilisema hivyo na hata leo ningesema, maana sufuria halichemki kwa huruma.

Akasema, "Sawa, Mama Erica, nimekuelewa."

Akajaribu. Alimfokea, akamtishia kwa fimbo, na Komando alichofanya ni kulala chali na kuonyesha tumbo. Kisha siku moja jioni, Sila yuko getini ameshika mnyororo wa mbwa, simu ikaita. Alikuwa ndugu yake wa Bahi. Madoa amekufa. Ndiyo hivyo, ng'ombe wa mwisho. Sila aliirudisha simu mfukoni akasimama vile vile. Wakati huo huo mtu akagonga geti, muuza mkaa tu anauliza njia. Komando akalirukia lile geti kwa kifua, manyoya yamesimama, mate yanaruka, bati linavuma mtaa mzima. Muuza mkaa akakimbia, gunia akaliacha.

Spika ukutani ikaita, "Vizuri sana, Sila! Hivyo hivyo!"

Mtu mwingine angesema pilipili imefanya kazi. Sila akajua palepale. Mbwa hasikii maneno, anasikia mabega.

Tangu siku ile ikawa ndiyo kazi, na Komando hakufungiwa tena mchana. Geti likigongwa, au gari la Madam likisikika kwenye kona jioni, Sila anasimama, anaufupisha mnyororo, anabana pumzi, anaanza kukumbuka. Anamkumbuka Madoa. Akiona haitoshi, anawakumbuka wengine mmoja mmoja kwa majina, nani alianguka wapi, nani alikufa anamtazama. Kifua kikijaa, Komando naye anajaa, analipuka. Madam anafurahi, analala. Akamnunulia mlinzi wake koti na viatu vya buti. Sila akabaki kazini. Lakini hasira ukiifuga inataka kulishwa kila siku, na haikubali kulala zizini. Baada ya muda hakuhitaji tena kumkumbuka Madoa. Mabega yalikuwa yamepanda yenyewe, na yakakaa huko.

Yote hayo mimi nilikuwa siyajui. Nilichoambiwa kwenye simu ni, "Mbwa amekuwa mkali. Kazi ipo." Nikapiga vigelegele, nikamwambia Mungu asante.

Na hapo ndipo Hamchoki alipoanza mambo yake. Jumapili moja alikuja kwenye simu kama kawaida, akanusa, akalaza masikio, akakaa mbali. Jumapili nyingine hakuja kabisa, alilala pale pale alipo, macho wazi. Kisha ikawa sauti ya Sila ikitoka tu, yeye anainuka anatoka nje. Anatoka taratibu, bila ugomvi, kama mzee anayeondoka kwenye kilabu cha pombe akiona vijana wameanza kushikana mashati.

Nilimtukana. "Msahaulifu wee! Kiganja cha mtu kilikunyonyesha, leo unamgeuzia mgongo?"

Erica akauliza, "Mama, Hamchoki hampendi tena baba?"

"Amesahau," nikamwambia. "Mbwa ni mbwa."

Nikaamua kwenda kumwona mwenyewe. Nilifunga unga wa mtama na mlenda mkavu, maana alikuwa akilalamika kwamba wali wa mjini haukai tumboni. Nikafika Ilazo, nikaliona geti jeusi lenye maandishi mekundu MBWA MKALI, na kwa nje kufuli kama ngumi ya mtu. Nikabisha. Ee Mungu wangu! Kelele iliyotoka mle sijawahi kuisikia kwa kiumbe. Kidirisha kikafunguliwa getini, nikamwona mume wangu.

"Mbukwa, mke wangu," akanisalimu kwa lugha ya kwetu. "Karibu."

Maneno mazuri, tena alitabasamu. Lakini nikaona mkono. Ameuzungushia mnyororo mara nyingi mpaka vidole vimekuwa vyeupe, na Komando amesimama kwa miguu ya nyuma anataka kunila.

"Legeza mnyororo, Baba Erica. Ni mimi."

"Nimeulegeza."

Hakudanganya. Aliamini ameulegeza. Mimi nilikuwa nauona umekaza mpaka unalia. Nikaupitisha mfuko wa unga kwenye kidirisha, Komando akaudaka hewani, ukapasuka, unga wote ukamwagika chini. Tukautazama, yeye ndani, mimi nje. Kisha ile spika ikaita, "Sila! Huyo ni nani?"

"Ni mke wangu, Madam!" akajibu, na sauti aliyojibia sikuijua. Ilikuwa kali, fupi, imekatwa kwa panga. Ndipo akaniambia kwa haraka niende, anatazamwa. Kidirisha kikafungwa. Nilibaki nimelishika lile kufuli kwa mikono miwili. Nililivuta, najua ni ujinga, nililivuta nikilia kwa hasira mpaka mama mmoja anayepita akaniuliza kama nimefiwa.

Pasaka ikafika, Madam akasafiri kwenda kwao, akaweka mtu wa kampuni ya ulinzi kwa siku mbili, Sila akapewa ruhusa. Nilipika. Niliazima kuku, msiniulize kwa nani. Erica alikaa njiani tangu asubuhi. Alipomwona baba yake anatokea kwenye mbuyu wa kona, kwenye koti lake jipya, akapiga kelele, "Babaaa!" akakimbia. Na Hamchoki akainuka mlangoni pa zizi, akakimbia naye. Nikasema, unaona sasa, amemkumbuka!

Mbwa akampita mtoto. Akafika mbele, akageuka, akasimama katikati, Erica nyuma yake na Sila mbele yake. Manyoya yakasimama tangu shingoni mpaka mkiani. Akanguruma. Alikuwa akimngurumia Sila.

"Hamchoki," Sila akaita. Mbwa hakusogea. "Hamchoki, mimi."

Akapiga hatua moja, mbwa akaonyesha meno. Mkono wa Sila ukashuka kiunoni, mahali anapoutundika mnyororo akiwa kazini, na mdomo wake ukatoa ile sauti ya getini. "TULIA!"

Erica akaruka, akanikimbilia, akajificha kwenye kanga yangu. Matonya alikuwa uani kwake ameshika jembe, akatazama, kisha kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakusema lolote, akaingia ndani.

Nikachomoa ukuni jikoni nimpige yule mbwa nimuue kabisa.

"Usimpige," Sila akasema. "Anafanya kazi yake."

Akakaa chini, pale pale kwenye vumbi na koti lake jipya. Ndipo akanieleza yote, jua likiwa utosini, kuku anaungua: muuza mkaa, Madoa, majina ya ng'ombe, jinsi ya kubana pumzi. Alieleza kwa sauti ya chini akimtazama mbwa.

"Mimi nilisema amekusahau," nikamwambia. "Alikuwa anaikimbia simu."

"Hajanisahau. Ananisikia."

Nilikumbuka siku ya mama mkwe. Nikapiga magoti mbele yake, nikamwambia maneno yake mwenyewe. "Shusha pumzi, Baba Erica. Lainisha mikono."

Alijaribu. Niliona anavyojaribu, jasho linamtoka. "Nikishusha, nasikia geti linagongwa," akasema.

Nikaushika mkono wake wa kulia. Alikuwa amekunja ngumi, na hakuwa na habari. Nikafungua vidole kimoja kimoja, kama unavyomfungua mtoto aliyelala na pesa. Nikifika cha mwisho, cha kwanza kimeshajikunja. Nikaanza upya. Hapo nikaogopa kuliko nilivyoogopa mwaka wa njaa, na ninasema hivyo nikijua ninachosema.

Akapiga mluzi. Ulikuwa ule ule, unaanzia chini, unapanda, unakatika. Masikio ya Hamchoki yakasimama. Akaja. Akaja nusu ya njia, pua mbele, tumbo karibu liguse ardhi, anautazama ule mkono niliokuwa nimeushikilia wazi. Wahenga wanasema mkono mtupu haulambwi. Huyu mbwa aliulamba mkono mtupu wa Sila miaka yote. Akausogelea mpaka pumzi yake ikagusa vidole. Mahali fulani barabarani bodaboda ikapiga honi. Mwili mzima wa Sila ukashtuka, ngumi ikajifunga ndani ya mikono yangu, na mbwa akarudi nyuma mpaka zizini.

"Usirudi kule," nikamwambia. "Kaa hapa. Utatulia, atakuzoea, tutaishi."

Alimtazama Erica, ambaye alikuwa amekaa mlangoni anakula paja la kuku kwa mikono miwili, anakula mpaka mfupa. "Tutakula nini, Dorkasi?" akauliza.

Huwa haniiti kwa jina. Na mimi Dorkasi mwenye mdomo, mdomo ukanishinda. Neno la kumjibu bado nalitafuta.

"Na nikiondoka," akasema, "Komando watampa sumu. Nani atamshika, vile alivyo? Yule mbwa hana kosa. Nimemfanya mimi."

Siku ya kurudi aliaga akiwa mbali na mbwa. Erica alimpa mkono, safari njema baba, asante mwanangu, kama anamuaga mwalimu. Nikamsindikiza mpaka barabarani. Nilipogeuka nyuma, Hamchoki alikuwa amelala njiani katikati, kati ya nyumba na sisi.

Jumapili iliyopita alipiga simu. Nikaiweka sauti ya nje kwa mazoea. Hamchoki alikuwa ndani kwa sababu ya baridi, aliposikia, "Haloo, Mama Erica," akainuka akatoka, akaenda kukaa uani ametupa mgongo.

Sila akauliza kila kitu, mtoto, mtama, paa. Mwisho akasema, "Yuko wapi?"

Nilijua anamuulizia nani. Nilimtazama mbwa kule uani. Na mimi ambaye sijawahi kumficha mtu neno lolote, hata pale ilipokuwa vizuri nifiche, nikasema, "Yuko hapa miguuni. Anatikisa mkia."

"Kweli?"

"Ananilamba simu, hebu ona alivyoilowesha."

Nikasikia pumzi inatoka, ndefu, kama ya mtu aliyetua gunia. "Haya," akasema, "Hamchoki. Hamchoki wangu." Na ilikuwa sauti yake, jamani! Ile ya malishoni, ya kunywesha mtoto wa mbwa maziwa. Uani, mbwa akageuza kichwa. Akainuka. Akaja mpaka kizingitini, akaweka mguu mmoja ndani, mkia umeanza kutikisika kidogo, haujiamini.

"Endelea," nikamwambia Sila. "Mwite, mwite tena."

Kwenye simu, mbali kidogo, honi ya gari ikalia.

"NAKUJA, MADAM!" Sila akapaza sauti, na Komando akalipuka, spika yangu ikapasuka kwa kubweka, minyororo, bati linalia, kisha simu ikakatika.

Mguu ulikuwa umeshaondoka kizingitini. Hamchoki alikuwa uani tena, safari hii amenielekea mimi, masikio yamelala. Nikataka kumwita arudi ndani. Nikavuta pumzi nimwite, nikayasikia mabega yangu yalivyopanda, nikanyamaza.